Shukrani unapoacha pombe na dawa za kulevya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi tena na tena katika vikundi vya wanaoacha pombe, bangi, unga (heroini), miraa na kamari, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Bungoma. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale magumu. Kama uko katika siku nne za kwanza bila pombe, soma swali la 2 kabla ya jingine lolote.

## Msingi

1. Shukrani ina uhusiano gani na kuacha pombe?

Uraibu huyafundisha macho kutazama upande mmoja. Aliyezoea chang'aa kila jioni, ikifika saa kumi na moja akili huanza hesabu: nani ana pesa, nani nimkope, njia ipi inapita kwa mama pima, yule muuza chang'aa. Akiacha, hesabu haikomi. Inageuka tu na kuanza kujumlisha kilichopotea: kazi, ng'ombe aliyeuzwa, karo ya watoto, miaka. Hasara hizo ni za kweli. Lakini majuto yakibaki peke yake humrudisha mtu kwenye chupa, kwa kuwa chupa ndiyo dawa ya majuto aliyoizoea.

Mazoezi ya shukrani huyapa macho kazi ya pili: kutafuta kilichoenda vizuri leo na kukitaja kwa usahihi. Neno kubwa hapa ni usahihi. Shukrani ya jumla jumla haimshiki mtu saa ngumu.

Mwaka 2015 mtafiti Amy Krentzman na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya zoezi la kuandika mambo matatu mema kila siku, kwa siku 14, miongoni mwa watu waliokuwa wakitibiwa uraibu wa pombe. Hisia mbaya zilipungua, utulivu ukaongezeka. Ulikuwa utafiti mdogo, na haukudai kwamba daftari huponya. Sisi pia hatudai hivyo.

2. Naweza kuacha nyumbani kwa maombi na shukrani, bila hospitali?

Kama umekuwa ukinywa kila siku, hasa kama ulikuwa ukizimua asubuhi ili mikono itulie, hapana. Kutetemeka, jasho, kutapika na kukosa usingizi huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege inaweza kuja ndani ya saa 48. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huweweseka, huona vitu visivyokuwepo na hupandwa na homa, na hali hiyo huua. Hospitalini hupewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa hatua kwa hatua, pamoja na vitamini B1. Waliozoea vidonge vya usingizi aina ya diazepamu nao wasikate ghafla.

Arosto ya heroini, yaani maumivu ya kuikosa, huumiza sana ingawa ni nadra iue yenyewe. Hatari kubwa huja baadaye (tazama swali la 14). Methadone, dawa inayotolewa kliniki mahali pa heroini, ni tiba halali, na anayeitumia hajakosa imani wala shukrani.

Ukitaka kuelekezwa, piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Haina malipo.

3. Nianze lini kuandika?

Mwili ukishatulia: unakula, unalala walau saa chache, na mkono unashika biro. Kwa wengi ni baada ya wiki ya kwanza. Kabla ya hapo, sentensi moja ya kutamka kwa siku inatosha.

## Daftari

4. Naandika nini hasa?

Nunua daftari la shule la kurasa 96 na biro moja. Ifunge biro kwa uzi kwenye jalada, maana biro ikipotea usiku zoezi limekwisha. Tenga dakika 10 baada ya chakula cha jioni, kabla usingizi haujakuvamia. Andika tarehe na idadi ya siku zako, kisha mambo matatu. Kila jambo lina sehemu mbili: kilichotokea, na kwa nini kilitokea.

"Nashukuru kwa afya" haitoshi. Jiulize: leo hiyo afya imeonekana wapi? Saa ngapi? Mikononi mwa nani? Ukurasa mzuri unafanana na huu:

*Jumanne, siku ya 19. Asubuhi nilimimina chai, kikombe kikajaa hadi ukingoni, hakuna tone lililomwagika kwenye kitambaa. Kwa nini: mkono umetulia, sijazimua siku 19. Na Mama aliacha sufuria imefunikwa kwenye jiko, ingawa alitoka alfajiri kwenda sokoni.*

Tazama kilichomo. Kuna kitu cha kuonekana kwa macho, kuna saa, kuna kazi aliyoifanya mwandishi mwenyewe, na kuna mkono wa mtu mwingine. Siku ya 60, hamu itakapomwambia kwamba kuacha hakujamletea chochote, sentensi hii itambishia. "Nashukuru kwa afya" haina cha kubishia.

Usiruke sehemu ya "kwa nini". Wanaoiruka huishiwa na maneno baada ya wiki mbili, kwa sababu mambo yao yanaonekana kama bahati, na bahati haina cha kujifunza. Angalau jambo moja kati ya matatu lihusu mtu. Na usiandike shukrani ya kujilinganisha, kama vile "nashukuru mimi si kama fulani, bado analala mtaroni." Hiyo ni dharau, na fulani huyo unaweza kuwa wewe mwezi ujao.

5. Kila siku, au mara moja kwa wiki?

Kila siku kwa wiki mbili hadi nne za kwanza, kisha mara moja au mbili kwa wiki. Utafiti wa Sonja Lyubomirsky na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, uligundua kwamba waliohesabu mema yao mara moja kwa wiki walinufaika, na waliofanya hivyo mara tatu hawakuonyesha faida hiyo. Zoezi hugeuka desturi, na desturi haiangaliwi tena. Mwanzoni tunashauri kila siku kwa sababu nyingine kabisa: jioni ya mtu aliyeacha pombe ni tupu mno, na dakika 10 zenye kazi ni bora kuliko dakika 10 za kutazama mlango.

6. Naandika yale yale: familia, uhai, chakula. Nimekosea wapi?

Unaandika vichwa vya habari badala ya habari. Kwa wiki moja jizuie kabisa kutumia neno "familia". Badala yake andika alichofanya mtu mmoja: kaka alikuazima baiskeli, mtoto alikusubiri langoni, shemeji alikuwekea omena kwenye sahani bila kusema neno. Ukikwama, pitia siku kwa mahali: kitandani, bafuni, njiani, kazini, jikoni. Mahali pamoja patakupa kitu.

7. Sijui kuandika vizuri, na tunaishi watu watano chumba kimoja. Daftari litasomwa.

Usiandike basi. Chukua punje tatu za mahindi, uziweke mfuko wa kushoto asubuhi. Kila unapoona jambo la kushukuru, litamke kwa sauti ya chini, pamoja na "kwa nini" yake, kisha hamisha punje moja kwenda mfuko wa kulia. Usiku ukikuta punje imebaki kushoto, tafuta jambo kabla hujavua suruali. Njia hii inawafaa sana wa bodaboda na wa mjengo, ambao mchana hawana pa kukaa na kalamu.

Wengine hujirekodi kwenye simu. Ni sawa, ila simu huazimwa na huuzwa. Usiweke humo siri ya mtu mwingine.

Na lugha ni yoyote. Erokamano, orio, kongoi, ni wega: tumia ile inayokujia bila kutafutwa.

8. Naandika kama nilivyoelekezwa lakini sihisi kitu. Ni kama naongopa.

Hili ndilo swali linalowakatisha tamaa wengi kuliko yote, kwa hiyo hebu tulijibu taratibu. Pombe, unga na bangi hufurika ubongo kwa furaha ya haraka hadi mfumo wake wa kupokea raha unapunguza usikivu. Ukiacha, kilichokuwa kikifurika kimekoma, na usikivu bado haujarudi. Chai haina ladha, wimbo hauna utamu, mtoto akicheka unamwona tu. Hali hii inaweza kudumu wiki kadhaa, hata miezi. Huna moyo mbaya. Kidonda kiko ndani na kinapona polepole.

Kwa hiyo acha kutafuta hisia. Andika "niliona" mahali pa "nilifurahi". *Niliona mvua ikianza tulipomaliza tu kuanua mahindi.* Huo ni ukweli mtupu, na ukweli unaweza kuuandika bila kuongopa. Hisia huja nyuma yake, siku isiyotangazwa.

Ikiwa ukimaliza kuandika unajikuta na hatia zaidi ("wamenitendea yote haya na mimi ni takataka"), punguza hadi jambo moja kwa siku, tena lisilohusu msaada wa mtu: hali ya hewa, mti, kazi ya mikono yako. Ikiwa kwa zaidi ya wiki mbili huna raha na chochote, hulali, huli au hutaki kuona watu, mwone daktari au mshauri nasaha. Huenda ni sonona, nayo ina matibabu yake. Ukianza kuwaza kufa, funga daftari. Usibaki peke yako usiku huo. Mwambie mtu aliye karibu kwa maneno ya wazi, nenda hospitali, au piga 1192.

## Watu

9. Namshukuruje mtu niliyemkosea? Nitaonekana mnafiki.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya katika sentensi moja: asante, samahani, na nitakulipa. Kila moja lina siku yake. Katika hatua 12 za Alcoholics Anonymous, chama cha wanaosaidiana kuacha pombe kilichoanzia Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935, kurekebisha ulichoharibu ni hatua ya 9, kwa sababu huhitaji maandalizi na mtu wa kukushauri. Asante haihitaji kungoja hadi hapo, mradi iwe asante peke yake.

Ujumbe unaofaa ni mfupi:

*Dada, mwezi wa tatu ulinilipia kodi ya nyumba na sikusema chochote. Nilipotoka hospitalini nilikuwa na mahali pa kulala kwa ajili yako. Asante. Si lazima unijibu.*

Umetaja tendo, umetaja lilichofanya, umemwachia uhuru wake. Makosa ya kawaida ni kuongeza "lakini", kueleza kwa nini ulikuwa ukinywa, na kosa baya kuliko yote, kuomba pesa katika ujumbe huo huo au ndani ya wiki hiyo. Ukiomba, asante yote inageuka kuwa chambo, na hatakusikia tena kwa muda mrefu.

Kwa mzazi au mzee usitume ujumbe. Nenda nyumbani mchana, ukiwa na sukari na majani chai ukiweza, kaa, kunywa chai yake, useme sentensi zako mbili, kisha zungumzeni mambo mengine. Usimshukuru kwanza mbele ya kanisa zima au kwenye kikao cha ukoo; utamlazimisha kutabasamu kabla hajawa tayari.

Kama ulimpiga mtu, au kuna kesi, au aliomba usimkaribie, usiende wala usitume mtu. Andika katika daftari, kisha jadili jambo hilo na mshauri wako.

10. Nyumbani kila siku wananiambia, "Wewe ungeshukuru tu." Nawajibu nini?

Jaribu: "Nashukuru, na leo nimechoka." Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Kwa mnaoishi naye: tunajua mmebeba mzigo mzito, na wengi wenu hakuna aliyewashukuru. Lakini shukrani inayodaiwa hugeuka deni, na deni lisilolipika humfanya mtu akimbie. Methali ya punda na mateke imewahi kumrudisha mtu baa jioni ile ile. Kinachofanya kazi ni ninyi kuanza, kwa usahihi ule ule wa swali la 4: "Asante kwa kurudi saa moja kama ulivyosema." Msiseme "siku hizi umekuwa mtu." Neno hilo humkumbusha kwamba jana hakuwa mtu.

11. Kwenye kikundi tunafanyaje?

Watu wasiozidi 10, kila mmoja dakika 2, jambo moja la siku saba zilizopita. Hakuna kujibu, hakuna kuhubiri, hakuna makofi. Anayetaka kupita apite. Mkiwa wengi zaidi, wa mwisho wanasikilizwa na watu waliochoka, kwa hiyo gawanyeni duara.

## Siku ngumu

12. Hamu ikinishika, nifungue daftari?

Si mara moja. Wimbi la hamu kwa kawaida hupanda na kushuka ndani ya dakika 15 hadi 30, na dakika za kwanza ni za mwili. Kula kitu, kunywa maji, ondoka mahali ulipo, mpigie mtu. Chunguza mambo manne: njaa, hasira, upweke, uchovu. Mara nyingi hamu ya saa kumi na mbili jioni ni ya mtu ambaye hakula mchana.

Hapo ndipo ufungue daftari, na usome badala ya kuandika. Tafuta kurasa zinazotaja asubuhi: chai isiyomwagika, pesa zilizobaki mfukoni, usiku uliolala bila kuota vibaya.

Mtego mmoja uujue mapema. Shukrani inaweza kuvaa nguo za sherehe: "Nimemaliza siku 90, Mungu ni mwema, nastahili kimoja." Siku njema huangusha watu kama siku mbaya. Panga kabla jinsi utakavyosherehekea, kwa mfano samaki mchana kando ya ziwa, pale Dunga, Kisumu, na mtu asiyekunywa.

13. Kuna matanga, au tohara, na kukataa pombe ya wazee ni kama kuwadharau. Nifanye nini?

Msimu mkali zaidi Bungoma ni Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili, wakati wa tohara ya Wabukusu, busaa ikiwa katikati ya wazee na mirija ikiingia katika chungu kimoja. Kwingine ni disco matanga, muziki na dansi za usiku kwenye matanga. Hapa shukrani ni chombo cha kazi, kwa sababu anayekukaribisha chunguni anakupa heshima. Kwa hiyo pokea heshima kwanza, kisha uache kinywaji: "Asante, mzee, kwa kunikumbuka. Mimi pombe niliiacha. Nipe kazi nifanye."

Kisha fanya kazi kweli. Chota maji, panga viti, pasua kuni, gawa chakula. Mwenye ndoo mikononi hapewi glasi. Usieleze historia yako. Maelezo hufungua mjadala, na mjadala katika kikao cha walevi hutaushinda. Nenda na mtu mmoja anayejua hali yako, elewana na wa bodaboda mapema na umlipe nauli ya kurudi, na uondoke kabla giza halijaingia na spika hazijawashwa. Kama hujafikisha siku 30, tuma rambirambi na mchango, usiende. Waliofiwa utawatembelea wiki inayofuata, wakati wageni wameondoka, na huenda ndipo watakapokuhitaji zaidi.

14. Nilikuwa na siku 74, jana nikateleza. Daftari nilichome?

Usilichome. Andika leo, hata mstari mmoja, na ujibu swali hili: nani au nini kilinisimamisha nisiendelee leo? Siku 74 zilitokea. Zimo humo kwa mkono wako. Kisha rudi nyuma kurasa tano hadi saba. Mara nyingi utaona mambo matatu yalipungua yakawa mawili, kisha moja, kisha ukurasa mtupu, au watu wakatoweka katika orodha. Ukurasa huo mwonyeshe mshauri wako.

Kwa wa heroini: mwili uliokaa bila unga hauwezi tena kipimo cha zamani. Kipimo ulichokizoea mwezi jana kinaweza kukuua leo. Usirudie, na kama imetokea, mwambie mtu sasa hivi. Kwa pombe ya kila siku, ukiwa umerudia kwa siku kadhaa mfululizo, swali la 2 linakuhusu upya.

## Maswali ya pembeni

15. Sijaacha bado, napunguza tu. Zoezi hili linanifaa?

Kuwa mwangalifu. Matokeo ya awali ya Krentzman ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba kwa waliokuwa wameacha, shukrani ilikwenda pamoja na kuendelea kutokunywa. Kwa waliokuwa bado wakinywa mara nyingi baada ya matibabu, ilikwenda pamoja na kunywa zaidi. Inaelekea shukrani huimarisha hali uliyomo. Ukiwa bado kwenye chupa, "nashukuru haijawa mbaya sana" ni mto wa kulalia. Kwako tunapendekeza daftari la hesabu kwanza: ulikunywa nini, kiasi gani, ikagharimu shilingi ngapi, nani aliumia. Ulipeleke kwa mshauri.

16. Uraibu wangu ni kubashiri mechi kwenye simu.

Zoezi ni lile lile, ila usishukuru kwa ushindi wala kwa kukaribia kushinda. Andika pesa zilichofanya zilipobaki: unga kilo 2, tokeni za stima, nauli ya mtoto. Ujumbe wa M-Pesa wa siku hiyo utakusaidia kuwa sahihi. Kwa kuwa simu ndiyo baa yako, zoezi hili lifanye kwa karatasi, simu ikiwa kwa mtu mwingine.

17. Maandiko yanasema "shukuruni kwa kila jambo". Nishukuru kwa uraibu wenyewe? Kwa mjomba aliyenipiga?

Katika Kigiriki cha 1 Wathesalonike 5:18 neno ni "katika" kila jambo. Unaweza kushukuru ukiwa ndani ya jambo bila kulishukuru jambo lenyewe. Kwa kipigo, kwa kubakwa, kwa mtoto aliyekufa, hakuna anayepaswa kukudai asante, awe mchungaji au mzazi. Maumivu hayo yana mahali pake: kwa mshauri nasaha, kwa kilio, kwa polisi ikibidi. Daftari hili liwe la mengine.

Mwislamu anaweza kuanza na alhamdulillahi kisha ataje tendo. Asiye na dini ataje mtu. Zoezi halibadiliki.

18. Daftari limejaa. Nifanye nini nalo?

Andika kwenye jalada tarehe ya kwanza na ya mwisho, lihifadhi mahali pakavu mbali na panya, kisha nunua jingine. Usimgawie mtu, lina mambo ya watu. La kwanza lifungue tarehe ile ile uliyoacha, mwaka ukitimia, na usome kurasa kumi za mwanzo ukiwa na yule aliyekusindikiza.